Shajara ya Mradi: Kuandika Tamthilia ya Ngara, 1968

Januari: madhumuni

Kikundi chetu kimeamua kuutumia mwaka huu kuandika na kuandaa tamthilia ndefu ya Kiswahili inayotokea Ngara, Nairobi, katika wiki za mwisho za Februari 1968, wakati maelfu ya Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipokuwa wakiuza samani, wakifunga masanduku na kutafuta nafasi katika ndege yoyote iliyoondoka Embakasi. Mlango waliokuwa wakiukimbilia ulifungwa kwa kasi isiyo ya kawaida. Muswada wa kuwazuia ulipitishwa na Bunge la London kwa siku 3 na ukawa sheria tarehe 1 Machi 1968, na tangu hapo mwenye pasipoti hiyo ambaye hakuwa na mzazi wala babu aliyezaliwa Uingereza alilazimika kusubiri vocha, yaani kibali cha kuingia, ilhali vocha zilizotengwa kwa wakuu wa familia zilikuwa 1,500 tu kwa mwaka. Hapa nyumbani, sheria za Kenya za 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara zilikuwa zimekwisha kuwajulisha wasio raia kwamba hawakuwa tena na uhakika wa kazi wala wa maduka. Familia nyingi zilijikuta katikati ya serikali mbili, kila moja ikitaka mwenzake ndiye awachukue.

Hatukuichagua habari hii kwa kuwa haijapata kuandikwa. Imeandikwa sana, kwa ustadi mkubwa, na watu walioondoka wakiwa watoto na kuanzisha majukwaa yao Uingereza, Kanada na Marekani. Hata hivyo, katika masimulizi mengi ya kuondoka niliyoyasikia na kuyasoma, kuna mtu mmoja anayeonekana mlangoni tu: mfanyakazi wa duka au yaya wa nyumbani, anayepunga mkono gari likiondoka, kisha hatajwi tena. Sitaki kuandika tamthilia ya kuwasuta waliomsahau. Nataka kuandika tamthilia ambamo mtu huyo ana haja zake, ana hesabu zake na ana la kupoteza, sawasawa na wale wanaobeba masanduku.

Wahusika wakuu kwa sasa ni watano. Shantaben ni mjane mwenye duka la vitambaa. Ramesh, mwanawe, ana pasipoti ya Uingereza, na Hansa, bintiye, ameomba na kupata uraia wa Kenya bila kumwambia mama yake. Mutua amefanya kazi dukani tangu enzi za marehemu mume wa Shantaben. Nduku, dada yake Mutua, ni mfanyakazi wa ndani.

Februari: kuwasoma waliotangulia

Tumeanza na mwongozaji wa tamthilia Jatinder Verma, kwa sababu maisha yake yenyewe yamepita katika mitaa tunayoiandika. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1954, akakulia Nairobi, na akafika London Februari 1968, katika wimbi lile lile la watu tunaowashughulikia. Mwaka 1976 kijana wa Kisikh, Gurdip Singh Chaggar, aliuawa huko Southall, London, kwa chuki ya rangi, na mwaka uliofuata Verma na wenzake wakaanzisha kampuni ya maonyesho ya Tara Arts. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa wa Rabindranath Tagore, unaomhusu mfalme anayepiga marufuku kafara ya damu hekaluni. Naliona jambo hili kuwa na uzito kuliko linavyopewa kwa kawaida. Vijana waliokuwa na kila sababu ya kupanda jukwaani na kulaani waliamua kujibu mauaji kwa hadithi ya kale kuhusu watu wanaomwaga damu kwa jina la utakatifu, wakawaachia watazamaji wa London waifikirie wenyewe.

Katika miaka ya 1980 Tara Arts waliacha kutegemea uigizaji wa sebuleni unaofuata maisha kama yalivyo, wakajifunza Bhavai, sanaa ya maonyesho ya watu wa Gujarat, pamoja na misingi ya Natya Shastra, kitabu cha kale cha Kisanskriti kuhusu uigizaji. Mwaka 1990 Verma aliongoza Tartuffe ya Molière katika National Theatre, akiwa mwongozaji wa kwanza asiye Mzungu kupewa kazi hiyo katika jumba hilo, naye akaihamishia hadithi hiyo ya mnafiki wa dini katika India ya wafalme wa Mughal. Kiingereza chake jukwaani kilichanganywa na lugha za Bara Hindi bila kuomba radhi, na mtindo huo akaupa jina la Binglish. Mwaka 2002 kampuni ilionyesha tamthilia tatu kwa pamoja, Journey to the West, zilizojengwa juu ya mahojiano na Wahindi wa Afrika Mashariki: ya kwanza iliwahusu vibarua wa reli, ya pili kuondoka kwa 1968, na ya tatu watoto waliozaliwa Uingereza. Kwa msomaji wa Kenya sehemu ya kwanza ina uzito wake. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwani kati ya 1896 na 1901. Karibu 2,500 walifia kazini, na wasiozidi 7,000 ndio waliobaki baada ya mikataba yao kwisha. Wenye maduka wengi walikuja kwa njia nyingine, kwa nauli zao au kwa kuitwa na jamaa, na tamthilia yetu inapaswa kuliheshimu tofauti hilo badala ya kumfanya kila Mhindi kuwa mjukuu wa reli.

Machi: Mombasa, Nairobi na sanduku la sari

Siyo kazi zote za aina hii zilizoandikwa ng'ambo. Kuldip Sondhi, mhandisi aliyeishi Mombasa, aliandika michezo mifupi ya Kiingereza katika miaka ya 1960, na miwili kati yake tumeisoma kwa makini: Undesignated, unaohusu nafasi ya kazi serikalini katika wakati wa kuwapandisha Waafrika vyeo, na With Strings, unaohusu ndoa ya kuvuka mipaka ya rangi. Ninachokithamini kwa Sondhi ni kwamba aliandika wakati mambo yenyewe yakitokea. Wahusika wake hawajui mwisho wa habari, na kwa hiyo hawazungumzi kama watu wanaokumbuka. Hilo nimeliandika juu ya meza yangu kama kanuni: mnamo Februari 1968 hakuna aliyejua kwamba angekuwa na duka Leicester, Uingereza, au kwamba asingeiona tena Ngara.

Shailja Patel alituonyesha njia nyingine. Katika Migritude, kazi ya mtu mmoja jukwaani aliyoanza kuionyesha mwaka 2006, anafungua sanduku la sari alizowekewa na mama yake kwa ajili ya ndoa, na kila kitambaa kinatoa habari yake. Pamoja na historia ya familia ya Kihindi anaweka masaibu ya wanawake wa Kenya mikononi mwa askari wa Kiingereza, na havitenganishi viwili hivyo. Yeyote anayedhani kwamba waandishi wa asili ya Kihindi hawakuwahi kumtazama Mwafrika kama mwenye historia yake anapaswa kuisoma kazi hii kabla ya kuendelea, na nimewaomba waigizaji wote waisome.

Aprili: mahojiano

Tumezungumza na wazee waliobaki Parklands na Ngara, na kwa simu na jamaa zao walioko Uingereza. Tumezungumza pia na wazee wa Machakos na Kangundo waliofanya kazi katika maduka ya Nairobi miaka hiyo. Tumekubaliana na wote kwamba hakuna jina litakaloingia katika tamthilia wala katika shajara hii, na kwamba hakuna maisha ya mtu mmoja yatakayowekwa jukwaani kama yalivyo.

Mahojiano ya Machakos ndiyo yaliyoibadilisha hadithi. Mzee mmoja alieleza kwamba hakuwa na akaunti ya benki, na kwamba kwa miaka mingi alimwomba mwenye duka amwekee sehemu ya mshahara wake. Fedha hizo ziliandikwa katika daftari lile lile la wateja waliokopa vitambaa. Mwenye duka alipoondoka alimlipa kiasi, akaahidi kutuma kilichobaki, na barua zikaja miezi michache kisha zikakatika. Mzee hakusimulia kwa hasira. Alituambia ukubwa wa daftari, rangi ya jalada lake, na ukurasa ambao jina lake lilikuwa limeandikwa kwa hati za Kigujarati ambazo yeye hakuweza kuzisoma.

Tangu siku hiyo nimeacha kutafuta kitovu cha tamthilia. Duka la Shantaben lina daftari. Ndani yake kuna madeni ya nusu ya mtaa wa Kariokor, na ndani yake kuna akiba ya Mutua, iliyoandikwa kwa maandishi asiyoyajua. Ramesh anataka kuuza majora yote kwa mfanyabiashara wa jumla na kuondoka na fedha taslimu. Hansa, aliye raia, anaweza kupata leseni na kuliendesha duka. Mutua naye ni raia, anawajua wateja wote kwa majina, na analidai duka hilo zaidi ya anavyoelewa yeyote ndani ya nyumba ile. Hakuna mtu mbaya katika mpangilio huu, lakini haiwezekani wote waridhike.

Mei na Juni: rasimu ya kwanza na suala la lugha

Rasimu ya kwanza imekamilika, na sehemu kubwa ya kazi imekuwa kuamua nani anasema nini kwa lugha gani. Nyumbani Shantaben na watoto wake huzungumza Kigujarati. Dukani wote hutumia Kiswahili cha biashara cha Nairobi. Mutua na Nduku wakibaki peke yao huzungumza Kikamba. Kuandika kila kitu kwa Kiswahili sanifu kungekuwa rahisi zaidi kwetu sote, na kungeua kila kitu.

Hapa nimesaidiwa sana na mfano wa Ronnie Govender wa Afrika Kusini, ambaye katika miaka ya 1970 alileta jukwaani The Lahnee's Pleasure, inayotokea katika baa huko Mount Edgecombe, karibu na Durban, na akawaacha watu wa mashamba ya miwa wazungumze Kiingereza chao cha Wahindi wa Natal kama walivyokizungumza. Hadhira yake ilicheka kwa kujitambua, na ndani ya kicheko hicho ikaona jinsi mtu mzima anavyodhalilishwa na bosi wake. Kiswahili cha dukani nacho kinaweza kubeba mzigo wa namna hiyo iwapo mwandishi atakiandika kwa heshima. Kwa muda mrefu Kiswahili cha Mhindi kimekuwa kichekesho cha redio na televisheni kwetu: mtu anakosea ngeli, watu wanacheka, basi. Shantaben wangu anakosea ngeli na papo hapo anajadili bei ya yadi arobaini za kitambaa bila kupepesa, na mwigizaji anayemcheza ameagizwa asiitafute lafudhi bali aitafute hesabu.

Nimefuata pia jambo nililojifunza kwa Tamasha, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1989 na Kristine Landon-Smith na Sudha Bhuchar. Watazamaji wengi wanaijua kwa sababu ya East Is East ya Ayub Khan Din, iliyoonyeshwa mara ya kwanza 1996, kuhusu baba Mpakistani na watoto wake wa mama Mwingereza huko Salford. Mimi nimevutwa zaidi na jinsi Landon-Smith alivyowataka waigizaji walete mazoezini lugha na malezi yao wenyewe badala ya kuyaacha nje ya mlango, na jinsi Balti Kings ya 1999 ilivyoingia jikoni mwa mkahawa wa Birmingham na kuifanya kazi yenyewe ya jikoni kuwa sehemu ya mchezo. Kwa hiyo Mutua wetu amepelekwa kwa mfanyabiashara wa vitambaa katika Biashara Street, ambayo zamani ilikuwa mtaa wa soko la Wahindi, ajifunze kufungua jora kwa mkupuo mmoja, kupima kwa chuma cha yadi kilichogongomewa kaunta, kukata kwa mkasi bila kuusogeza, na kukunja upya pasipo kuangalia mikono yake. Mtu anayefanya hivyo mbele ya watazamaji kwa dakika tano hahitaji kuambiwa na mhusika mwingine kwamba ni hodari.

Mazungumzo ya Kigujarati na Kikamba hayatatafsiriwa jukwaani. Kila tukio litaandikwa hivi kwamba mtazamaji asiyejua lugha ajue kinachotakiwa, hata asipojua kilichosemwa, na kwa muda mfupi awe mahali alipo Mutua anapotazama ukurasa wa daftari.

Julai: msimulizi

Rasimu ya kwanza haikuwa na msimulizi. Ya pili inaye, naye ni Nduku. Katika jadi za India, sutradhar ndiye anayefungua mchezo, anawaita wahusika, anakatiza, anatoa maoni na kuushika uzi wa hadithi. Sisi tunaye mtambaji, na Ebrahim Hussein alikwisha kuonyesha katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, mwaka 1976, kwamba utambaji unaweza kusimama wenyewe kama tamthilia ya kisasa. Sikuona sababu ya kuchagua kati ya jadi hizi mbili. Nduku anaingia katika kila chumba cha nyumba, anasikia Kigujarati kila siku na anakielewa kuliko wenye nyumba wanavyodhani, anajua pasipoti zilipo na anajua Hansa amefanya nini. Akifungua mchezo kwa mwito wa hadithi, watazamaji wakaitikia, mamlaka ya kusimulia inahamia kwake bila hotuba.

Agosti: usomaji mbele ya watu

Tumeisoma rasimu ya pili mbele ya wageni waalikwa katika ukumbi mdogo wa Ngara, na mjadala ulichukua muda mrefu kuliko usomaji. Lililowasha moto ni tukio la Jumamosi jioni ambapo Shantaben, kabla Nduku hajaondoka kwenda kwa ndugu zake, anafungua furushi la mfanyakazi huyo na kulipekua, kisha anampa vibibi vya mchele ampelekee mtoto. Mama mmoja mzee wa Kihindi alisimama na kusema kwa utulivu kwamba katika nyumba yao jambo hilo halikupata kutokea na kwamba linawavunjia heshima wanawake waliowalea watoto wa wafanyakazi wao kama wao wenyewe. Mzee aliyekuwa amekaa safu mbili nyuma yake alisema kwamba yeye alipekuliwa kila Jumamosi na kwamba vilevile alipewa chakula kila Jumamosi. Hawakujibizana. Walitazamana, na kila mmoja akaketi.

Kijana mmoja alipinga kutoka upande mwingine, akiuliza kwa nini tuwaonee huruma watu waliokuwa na pasipoti ya mkoloni. Niliona swali lake kuwa la haki, ijapokuwa historia haiko rahisi hivyo: Makhan Singh, Mhindi na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliudai uhuru kamili hadharani jijini Nairobi mwaka 1950, akawekwa kizuizini kwa zaidi ya miaka 10. Shantaben hakuwa Makhan Singh. Watu wengi, wa rangi zote, hawakuwa.

Baada ya usomaji tulipokea ombi la kuonyesha maandishi kwa kamati ya wazee kabla ya kuendelea. Suala hili si geni katika tamthilia za jamii hizi. Desemba 2004, ukumbi wa Birmingham Rep huko Uingereza ulionyesha Behzti ya Gurpreet Kaur Bhatti, inayoweka dhuluma ya kingono ndani ya hekalu la Kisikh. Ukumbi ulikuwa umezungumza na viongozi wa Kisikh kabla ya maonyesho, na bado maandamano yaligeuka ghasia na mchezo ukasitishwa. Mwandishi alirudi mwaka 2010 na Behud, tamthilia kuhusu mwandishi ambaye kazi yake inazuiwa. Funzo ninalolichukua ni kwamba kuzungumza na jamii ni wajibu, lakini mazungumzo yenye ahadi iliyofichwa ya kura ya turufu huwadanganya pande zote mbili. Tumewajibu wazee kwamba tutawasikiliza kila wanapotaka, kwamba makosa ya mila na lugha tutayasahihisha kwa shukrani, na kwamba tukio la furushi litabaki. Mama yule mzee amekubali kuwafundisha waigizaji wetu Kigujarati cha nyumbani, na amesema wazi kwamba anakubali bila kubadili maoni yake kuhusu tukio hilo. Naiheshimu ahadi hiyo kuliko sifa nyingine yoyote tuliyopewa siku ile.

Septemba: rasimu ya tatu

Kazi iliyobaki ni onyesho la mwisho kati ya Hansa na Mutua. Katika rasimu ya pili Hansa alimsomea Mutua ukurasa wake, nao wakaafikiana kuliendesha duka pamoja. Watazamaji walilipenda sana, na hilo ndilo linalonitia shaka, kwa kuwa mapatano hayo yanafuta madeni ambayo tamthilia nzima imeyajenga. Hansa akisoma ukurasa, kwa mara nyingine Mutua anategemea neno la mwenye duka. Katika rasimu ya tatu Nduku ndiye anayeujua ukurasa, kwa sababu amesafisha meza ya hesabu kwa miaka na amejifunza tarakimu za Kigujarati kwa kuzitazama. Yeye ndiye anayesimama kando ya kaka yake na kuisoma jumla kabla Hansa hajafungua kinywa. Kuanzia hapo Hansa hatoi zawadi tena. Anakabiliwa na mdai, na leseni anayoihitaji inategemea mtu anayewajua wateja.

Mazoezi ya onyesho hili yataanza mwezi ujao. Kabla ya hapo nitakaa na mzee wa Machakos, kwa ridhaa yake, tupange mishahara na bei za mwaka 1968, ili akiba ya Mutua itajwe kwa shilingi na senti, pamoja na kiasi ambacho Ramesh amekwisha kukitumia kununulia tiketi za ndege.